Walipozima Maiki

Ninyi vijana mnaoanza kazi ya ualimu mmeshazoea kusoma maneno ya wastaafu wanaosema hawana kinyongo na mtu, wametulia, wanamwagilia mchicha. Mimi nina kinyongo. Nipo hapa Likombe, Mtwara, mchicha ninao na ninaumwagilia kila asubuhi, lakini nikikumbuka kwamba saa hizi kuna kipindi mubashara cha hisabati kinarushwa na anayefundisha si mimi, mchicha wenyewe nauona mchungu. Basi someni mkijua anayewaandikia ni mtu mwenye wivu. Tena ni Mhaya, kwa hiyo msitegemee nitajishusha.

Naitwa Mwalimu Kamugisha. Nilipangiwa Mtwara nikiwa kijana, nikasema nitakaa kidogo niombe uhamisho, na hadi leo sijaomba. Nilianzia Nanyamba. Mkuu wa idara yangu pale alikuwa mtu mfupi, mkali, mwenye chaki sikioni kama seremala, na wiki ya kwanza alikaa nyuma ya darasa langu akanisikiliza. Nikauliza wanafunzi kama wameelewa, wakaitikia wote kwa pamoja, "Ndiyo, mwalimu!" Nikajiona mwamba. Tulipotoka akaniambia, "Kijana, hao hawajaelewa hata neno. Wanakuheshimu tu. Siku mmoja atakapokwambia 'sijaelewa,' siku hiyo ujue umelipata darasa. Kabla ya hapo ni wageni wako."

Yalinichukua miezi. Watoto wa huku wamelelewa kwa adabu, na kumwambia mkubwa kwamba hujamwelewa ni kama kumwambia amesema vibaya. Ilibidi nianze kuwatania, nikosee ubaoni makusudi, nikae nao benchi moja, mpaka siku moja binti akanyoosha mkono huku anatazama chini akasema, "Mwalimu, mimi sijaelewa." Nilitaka kumbeba. Tangu hapo kila darasa nililopewa nililihesabu kuwa langu kuanzia siku ya neno hilo, si siku niliyokabidhiwa.

Nanyamba ndiko nilikookota pia msemo wangu. Kulikuwa na kijana akiona mlinganyo anatetemeka, anahamisha x huku na huku kama anafukuzwa. Nikamwambia, "Tulia. X hana miguu, haendi kokote." Darasa likacheka, naye akatulia, na mimi nikaubeba msemo huo popote nilipohamia. X hana miguu. Niwekeeni hapo, tutaurudia.

Sasa nikiwa nimebakiza kidogo kustaafu, nikawekwa mbele ya kamera. Shule kadhaa za vijijini hazikuwa na mwalimu wa hisabati, basi ikaandaliwa studio mjini: meza, kompyuta, kalamu ya kuandikia kwenye kioo, ukuta uliopakwa bluu. Mimi nafundisha pale, na shule moja kule Mahurunga, nyingine upande wa Nanyamba, na nyingine tena, wanapokea wakati huohuo. Kila darasa lina skrini ukutani, spika, maiki, na mwalimu mmoja wa somo lolote anayesimamia utulivu. Mtandao wa kule ulikuwa haubebi picha ya kwenda na ya kurudi. Kwa hiyo wao waliniona mimi, na mimi sikuwaona wao. Nilibaki na sauti tu.

Nawaambia makosa yangu ili msiyarudie, maana najua mtayarudia. La kwanza lilikuwa kidole. Ubaoni mtu unagusa kwa kidole unasema, "Hii hapa ikija huku, hii inakufa," na darasa linakuona. Kwenye skrini wanaona maandishi, na uso wako na miwani yako kwenye kidirisha pembeni. Kidole hawakioni. Nilifundisha "hii" na "huku" kwa siku nyingi sana, nikigusa kioo changu mwenyewe, hadi sauti ya kike kutoka Mahurunga ikauliza kwa upole, "Samahani mwalimu, hii ni ipi?" Alikuwa msimamizi wao, Mwalimu Zuhura, anayefundisha Kiswahili. Nilimshukuru kwa mdomo. Moyoni nikauliza, mwalimu wa Kiswahili anatafuta nini kwenye pembetatu yangu? Lakini alikuwa sahihi. Kila kitu kipeni jina. Msiseme hii, semeni upande AB.

La pili ni haraka. Sauti inachelewa njiani. Unauliza swali, unasikia kimya, unakata tamaa unajijibu mwenyewe, na hapohapo jibu lao linaingia juu ya lako, mnabaki kuvurugana kama watu wanaogombea mlango. Dawa yake ni kikombe. Niliweka chai ya rangi mezani. Nikiuliza, nakunywa, na sisemi mpaka nimeze. Tatizo chai ilinipalia, nikawa na kikohozi cha kila kipindi, koho-koho mara mbili kabla ya kuendelea. Kwenye spika za vijijini kikohozi hicho kilisikika kuliko hesabu zenyewe.

Lakini lililonisumbua halikuwa kidole wala chai. Nilikuwa sisikii "sijaelewa." Kila nikiuliza, shule zote zinaitikia, "Ndiyo, mwalimu!" kwa sauti moja safi. Mimi najua maana ya ndiyo hiyo. Darasani ningeshuka kwenye madawati, ningemtania mmoja, ningekaa. Nitashukaje kutoka kwenye skrini? Hili lilikuwa darasa langu la mwisho, kidato cha nne, na nilitaka kitu kimoja tu kabla sijarudisha funguo: waniambie neno hilo, niondoke nikijua nao walikuwa wangu.

Ndipo Mahurunga wakaanza kuzima maiki.

Nikimaliza kueleza, Mwalimu Zuhura anasema, "Mwalimu, tunaomba muda kidogo." Mara alama ya maiki yao inapigwa mstari mwekundu, na mimi nabaki na ukimya na kikombe changu. Wakirudi, nikiuliza swali, wanajibu. Na si kwa kubahatisha, wanajibu kwa hatua. Tena mara nyingi maiki ikifunguka nakuta mkia wa kicheko, kile kicheko cha darasa zima ambalo limetoka kufurahi. Shule nyingine hazikuzima, na majaribio yao yalikuwa ya kusikitisha. Mahurunga walipanda kila mwezi.

Ungekuwa wewe ungefurahi, kwa sababu wewe ni mtu mwema. Mimi nilikosa usingizi. Kwenye ukimya ule kulikuwa na mtu anawafundisha hisabati yangu, anawachekesha, na wananificha. Siku mkuu wa shule yao aliponipigia simu kuniambia, "Kwa kweli madam Zuhura anafanya kazi nzuri mno na hawa watoto," nilimwitikia "Kabisa, kabisa," nikakata simu nikaitupa kochini.

"Wivu ni kidonda, ukishiriki utakonda," mke wangu akaniambia. Yeye ni muuguzi, hana huruma na maumivu madogo.

"Nimeshakonda, Mama Kemi."

"Kwa hiyo?"

"Nakwenda Mahurunga."

"Kumfumania nani? Mke wa mtu, na mwalimu wa Kiswahili?"

"Nakwenda kusikia wanachosema."

Akacheka mpaka akakaa chini. Lakini nilipomwomba shuka lake la bluu alinipa.

Mpango wangu ulikuwa huu. Chande, fundi wa mitambo, alikuwa anakwenda na pikapu kurekebisha antena ya shule ile. Nilimwomba mkuu wa shule ruhusa ya kurusha kipindi kutoka palepale shuleni, "kujaribu mtandao," na nikamwomba asimwambie mtu. Akanipa stoo ya mahindi ya chakula cha wanafunzi, mwisho wa uwanja. Nikatundika shuka juu ya magunia ili nyuma yangu paonekane bluu kama studio, nikaweka kompyuta juu ya kreti, nikamimina chai. Chande alinitazama akatikisa kichwa, akapanda kwenye antena yake. Kipindi kikaanza, na darasa la Mahurunga likaniona kwenye skrini kama kawaida, halijui kwamba nipo hatua chache kutoka mlangoni kwao.

Nilifundisha pembe ya mwinuko. Namna ya kupata urefu wa mnazi bila kuupanda: unasimama mbali nao, unapima umbali, unapima pembe, tanjenti inamaliza kazi. Nilieleza vizuri, siwezi kusema uongo. "Mmeelewa?" Ndiyo, mwalimu! "Mwalimu, tunaomba muda kidogo." Mstari mwekundu.

Nikanyanyuka. Nilivua viatu, mtu mzima na mvi zangu, nikavuka uwanja juu ya mchanga wa moto hadi dirishani.

Mwalimu Zuhura alikuwa amekaa dawati la nyuma kabisa, mikono mashavuni, kama mwanafunzi. Mbele ya darasa alisimama binti mwembamba wa mtandio mweupe, na machoni alikuwa na miwani ya waya wa shaba isiyo na vioo. Akaivua, akaifuta kwenye kona ya mtandio, akairudisha. Akanyanyua kikombe kisichokuwepo, akanywa, akameza. Kisha akakohoa. Koho-koho. Mara mbili.

"Sasa basi, wanangu," akasema kwa sauti nzito, na lafudhi ikawa ya kwetu Bukoba, ila 'm' zake zikabaki 'n' za Mtwara. Darasa likaangua kicheko. "Kimya! Nnazi huu hapa. Mwalimu kasema pembe ya mwinuko. Mwinuko nini? Shingo yako! Ntu kasimama, kaangalia mbele, macho yake yamelala. Kaambiwa juu kule kuna dafu. Shingo inafanyaje?"

"Inainuka!"

"Pale ilipoinukia shingo, ndo pembe yenyewe. Mmeelewa?"

Na hapo mvulana mmoja wa mstari wa kati, bila kunyoosha hata mkono, akasema, "Mi sijaelewa, mwalimu."

Nilishika nondo za dirisha. Neno nililolingojea miezi yote ile lilikuwa limetoka, na lilikuwa limekwenda kwa mtoto mwenye miwani ya waya.

"Hujaelewa wapi, Hamisi? Usikimbie. X hana miguu, haendi kokote. Njoo mbele. Wewe nnazi."

"Mimi nnazi?"

"Nnazi hausemi."

Akamsimamisha Hamisi ukutani, akamlaza mwingine sakafuni kama ndiye aliyeangalia juu, akavuta uzi wa katani kutoka jicho la huyu hadi utosi wa yule. Huu mshazari, huu umbali wa chini, na Hamisi mwenyewe ndiye x tunayemtafuta. Mimi nimefundisha somo hilo tangu hao watoto hawajazaliwa, na sijawahi kumfanya mwanafunzi awe mnazi. Nilisimama pale nikiona wivu mpaka kwenye meno.

Mwalimu Zuhura akageuka akaniona. Akasimama ghafla, dawati likapiga kelele, darasa zima likageuka dirishani. Wengine wakaitazama skrini wakaona kiti kitupu, wakanitazama tena mimi. Binti akashusha miwani yake taratibu.

Ningeweza kukohoa kikohozi changu halisi na kuingia kama mwalimu, na darasa lote lingesimama kusema shikamoo. Badala yake nikazunguka mlangoni, nikasimama kizingitini kama wanavyosimama wao, nikasema, "Samahani mwalimu, nimechelewa."

Binti akamtazama Mwalimu Zuhura. Akanitazama mimi. Akavaa miwani.

"Umetoka wapi saa hizi?"

"Nimetoka stoo, mwalimu."

"Viatu viko wapi?"

"Nimevisahau, mwalimu."

"Kaa kule nyuma. Usisumbue wenzako."

Nikaenda nikakaa. Hamisi akaendelea kuwa mnazi, ingawa alikuwa anacheka mpaka machozi.

Kipindi kilipokwisha Mwalimu Zuhura alinipeleka ofisini kwao, akaniwekea muhogo wa kuchemsha na chai, na hakuweza kunitazama usoni. "Sikukuficha kwa ubaya, baba. Ningekwambiaje kwamba watoto wanakuigiza?"

"Nani aliwaanzishia?"

"Somoe mwenyewe, yule binti. Siku moja mtandao ulikatika katikati ya swali, wamebaki wameduwaa, akasimama akalimalizia kwa sauti yako. Wakacheka, ila wakaelewa. Na wakaanza kuuliza. Kwako hawathubutu. Mkubwa ameshamaliza kusema, mtoto amwambie hajaelewa? Lakini Somoe ni mwenzao, hata akiwa wewe."

"Na wewe hesabu umejifunza wapi?"

Ndipo akacheka. "Mimi? Hesabu ilinishinda tangu kidato cha pili. Nami nakaa nyuma kule najifunza. Juzi ndo nimeijua hiyo tanjenti."

Miezi yote nilikuwa namwonea wivu mtu ambaye hakuwa amenichukulia kitu. Msidhani basi nilipona. Nilihamisha wivu tu, nikaupeleka kwa Somoe. Yule Kamugisha wa miwani ya waya aliambiwa "sijaelewa" kila siku. Mimi mwenye cheti niliitikiwa ndiyo.

Na stoo nako mambo yalikuwa yameharibika. Shuka lilikuwa limedondoka, na shule nyingine zilikaa muda wote ule zikitazama kiti kitupu na magunia. Msimamizi wa upande wa Nanyamba alikuwa amenipigia mara kadhaa. "Mwalimu, watoto wanauliza kama umehamia kwenye mashine ya kusaga." Nikamjibu kwamba ni majaribio ya mtandao. Chande alikuwa juu ya paa na alisikia, na hadi leo tukikutana sokoni ananiuliza bei ya sembe.

Baada ya hapo niliifanya kuwa sehemu ya kipindi. Nikimaliza kueleza, nasema mwenyewe, "Sasa zimeni maiki." Nikawaagiza wasimamizi wa shule nyingine nao watafute mwanafunzi mmoja asimame awe mimi, wamcheke wanavyotaka. Hili ndilo kubwa nililojifunza kwenye kazi ile, na mlichukue: kipindi cha mtandaoni kina nusu ambayo si yako. Ukiijaza kwa maneno yako, watakuheshimu tu. Mimi niliwaachia nusu hiyo, na kila walipozima nilikunywa chai yangu kwa uchungu. Yote mawili ni kweli.

Siku ya kipindi cha mwisho niliwaomba kitu. Nikasema, "Mahurunga, leo msizime. Niacheni nisikie."

Kukawa na ukimya wa njiani, kisha sauti ya Somoe mwenyewe, nyembamba, isiyo na Bukoba ndani yake. "Mwalimu, ukiwepo siwezi."

"Basi zimeni."

Wakazima. Nilikaa nikitazama ule mstari mwekundu, na nilijua kule sasa nimevaa miwani, nakohoa, napendwa. Maiki ikafunguka, mkia wa kicheko ukaingia, ukakatika. Kisha Somoe akasema:

"Mwalimu."

"Naam."

"Hapa kwenye swali la pili. Mimi sijaelewa."

Swali la pili lilikuwa jepesi, la kidato cha kwanza, nililiweka kupasha moto tu. Nililieleza kama ndiyo mara ya kwanza duniani mtu kulieleza, kila upande kwa jina lake, bila "hii" wala "huku," na sauti yangu haikuwa nzuri. Aliposema "Asante mwalimu, sasa nimeelewa," niliitikia haraka nikajifanya chai imenipalia. Nilijua tangu anafungua mdomo kwamba alikuwa ameelewa zamani. Alinipa tu.

Walifaulu kuliko nilivyowahi kuona shule ya kijiji ikifaulu hesabu. Somoe alichaguliwa kidato cha tano mkoa mwingine. Kwenye mahafali aliwashukuru "Madam Zuhura na Mwalimu Kamugisha," kwa mpangilio huo, na msidhani sikuuona mpangilio.

Nikastaafu. Kiti changu cha studio kikakaliwa na kijana anaitwa Elia, hodari, mwenye kamera mbili na michoro inayocheza. Mwezi uliopita nilikwenda Mahurunga kununua mchele, nikapita shuleni kumsalimia Mwalimu Zuhura. Nilipokaribia darasa nikasikia koho-koho. Nikasimama. Ndani kulikuwa na kidato cha pili, watoto ambao sijawahi kuwafundisha hata dakika moja. Kwenye skrini alikuwa Elia na tai yake, kimya, anasubiri. Maiki ilikuwa imezimwa. Na mbele ya darasa kitoto kimoja chenye miwani ya waya kilikuwa kinasema kwa sauti nzito, "Sasa basi, wanangu. X hana miguu, haendi kokote."

"Mwalimu, mi sijaelewa," mmoja akasema.

Mwalimu Zuhura aliniona dirishani. Akaweka kidole mdomoni. Nikarudi nyuma taratibu, nikabeba mchele wangu.

Juzi Elia kanipigia. "Shikamoo, mwalimu. Samahani kukusumbua. Hivi wale wa Mahurunga wakizima maiki huwa wanafanya nini? Mimi hawajawahi kuniambia hata siku moja kwamba hawajaelewa. Wanazima, wakirudi wanajua. Na kuna kikohozi huwa nakisikia kabla hawajazima. Kinanikosesha usingizi."

Elia, ukisoma haya utajua. Lakini juzi ulipouliza sikuwa tayari kugawana. Nilikwambia, "Marahaba, mwanangu. Labda ni vumbi. Wewe kunywa chai, usubiri." Nikakata simu, nikaenda zangu kumwagilia mchicha, huku nakohoa.